Nguzo Tisini na Sita

Saa kumi na moja jioni, siku moja ya mwezi wa Julai mwaka 1976, nilifunga vyuma vya kupandia nguzo nyuma ya baiskeli, nikavaa koti, nikatoka ofisi ya simu Mbeya mjini kwenda Ilomba. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Simu ya nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja ilikuwa inasumbua.

Ilikuwa inasumbua kwa namna yake. Asubuhi ni nzima. Mchana ni nzima. Jua likianza kushuka, inakufa.

Nilikwisha kwenda mara tatu, zote mchana, na mara zote tatu nilizungusha mpini wa simu, nikaongea na Marta wa swichibodi, nikamsikia kama amekaa pembeni yangu. Niliandika kwenye fomu kwamba laini ni safi. Jioni yake laini ilikufa tena. Kwa hiyo Marta alinipa jina. Kila nikipita mlangoni kwake aliniita fundi wa mchana, akauliza kama mama yangu alinikataza kutembea gizani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni mwaka uliopita, na jina hilo liliniuma kuliko nilivyotaka ajue.

Lakini siku hiyo Marta hakutania. Alinieleza jambo lote, na mimi nalieleza hapa kama lilivyokuwa.

Mwenye simu aliitwa Alawi, mtu wa asili ya pwani, mwenye duka la vitambaa mjini. Yeye na mke wake, Bibie, walikuwa na mtoto mmoja tu, Kudra, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa anasomea ualimu Iringa. Huko Kudra alishikwa na homa ya kichwa. Alilala kitandani hospitalini siku ishirini na mbili bila kufumbua macho. Hafi wala haponi. Madaktari walikuwa wanamtazama na kutikisa kichwa, maana kwa hesabu zao alitakiwa awe amekwisha kwenda, na hakwenda.

Alawi alikuwa Iringa, akimkalia mtoto. Kila jioni daktari akimaliza kupita wodini, Alawi aliomba simu ya Mbeya ili azungumze na mke wake saa moja. Kila jioni Marta aliunganisha, na kila jioni alipata kelele kama mvua juu ya bati, halafu kimya. Asubuhi simu iliita vizuri, lakini hakuna aliyepokea. Alawi alipeleka telegramu tatu. Hazikujibiwa.

Siku hiyo alimwambia Marta kwamba daktari amesema mama aje, tena asichelewe. Apande basi la alfajiri, amwone mtoto akiwa bado anapumua. Neno hilo Alawi alitaka kumwambia mke wake kwa sauti yake mwenyewe, kwa sababu alijua hataliamini kwa kinywa cha mtu mwingine.

“Leo usirudi na fomu,” Marta aliniambia. “Rudi na laini.”

Chuoni tulifundishwa namna ya kutafuta ubovu bila kupanda kila nguzo. Unaikata njia nusu. Unapanda nguzo ya katikati, unabana simu ya kupimia kwenye nyaya, unasikiliza upande wa ofisi, unasikiliza upande wa mteja. Upande mzima unauacha. Upande mgonjwa unaukata nusu tena. Na tena. Na tena. Ubovu unabaki hauna pa kujificha.

Kutoka ofisini mpaka nyumbani kwa Alawi zilikuwa nguzo tisini na sita.

Nilianza na ya arobaini na nane. Ilisimama kando ya barabara kuu, karibu na shamba la maharage lililokwisha vunwa. Nilipanda, nikajifunga mkanda, nikasubiri. Baridi ya Julai ilikuwa inashuka kutoka milimani. Malori ya Zambia yalipita chini yangu yakiwa yamewasha taa.

Saa kumi na mbili kasorobo, kelele ilianza.

Nilibana upande wa ofisi. Marta alikuwa safi. Aliniuliza kama huko juu kuna viazi, nimletee. Nikabana upande wa Ilomba.

Mvua juu ya bati... na chini ya mvua, kitu kingine. Kilikuja, kikaenda. Kikaja, kikaenda. Nilidhani ni upepo kwenye nyaya. Nikashuka.

Nguzo ya sabini na mbili. Jua lilikuwa limegusa mlima. Upande wa ofisi, safi. Upande wa Ilomba, mvua ilikuwa imepungua, na kile kitu kilikuwa kimeongezeka. Kilikuja, kikaenda. Haukuwa upepo. Upepo hauna mpangilio.

Nilimuuliza Marta kama anasikia mtu kwenye laini.

“Nakusikia wewe unavyotetemeka,” alisema. “Vaa sweta, kaka.”

Nguzo ya themanini na nne. Hapo nilitambua. Ilikuwa pumzi. Pumzi ya mtu aliyelala, ndefu, nzito, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, kama ile ya mgonjwa aliyelazwa chali. Nilihesabu. Pumzi moja. Kimya. Pumzi moja. Kimya kirefu zaidi. Na mimi, bila kukusudia, nilijikuta napumua nayo.

Nguzo ya tisini. Giza lilikuwa limeanza kuingia kwenye migomba. Nilipofika juu niliisikia harufu kabla ya kubana simu. Harufu ya spiriti na mashuka yaliyochemshwa. Harufu ya wodi. Chini yangu kulikuwa na njia ya vumbi na mbuzi wawili waliofungwa. Hakuna hospitali Ilomba. Nilinusa mikono yangu. Ilinuka chuma.

Nilitaka kurudi. Nasema kweli. Lakini nilimfikiria Marta akiniita fundi wa mchana mbele ya ofisi nzima, na nilimfikiria baba aliyesimama Iringa na mkono wa simu sikioni. Nikaenda mpaka nguzo ya tisini na tatu. Upande wa ofisi, safi. Upande wa nyumba...

Pumzi. Karibu. Kama sikio langu limelala juu ya kifua cha mtu.

Hesabu ilikuwa imekwisha; nguzo tatu zilizobaki nilizitazama nikipita, zote nzima. Ubovu haukuwa barabarani, wala shambani, wala mjini. Ulikuwa nyumbani.

Nyumba ya Alawi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati jipya, ua wa michongoma. Nyaya mbili za simu zilitoka kwenye nguzo ya mwisho, zikaingia chini ya ukingo wa paa, mahali penye vikombe viwili vyeupe vya kaure vya kuzishikilia. Kila fundi anajua sheria ya nyaya hizo. Mmoja unakwenda, mwingine unarudi, na kamwe zisigusane. Zikigusana, maneno yanaishia hapo hapo.

Bibie alikuwa amesimama juu ya meza ndogo, chini ya paa, anataka kufikia vikombe. Mkono mmoja umeshika bakuli. Mkono mwingine unakamulia maji juu ya kitu kilichofungwa kati ya nyaya mbili. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Nilikohoa. Nikamwamkia. Hakushtuka.

“Marahaba, mwanangu,” alisema. “Mbona leo umekuja jioni?”

Alinipisha, nikapanda kwenye meza. Kitu chenyewe kilikuwa kipande cha khanga kilichosokotwa pamoja na nywele. Nywele ndefu, nyeusi, za kubaki kwenye kitana. Kilikuwa kimefungwa kwa mafundo madogo madogo, kimezishika nyaya zote mbili, na kilikuwa kinachuruzika. Nililamba kidole. Chumvi.

Sasa yote yalikuwa wazi, na kwa kweli nilifurahi. Kitambaa kikiwa kikavu hakipitishi kitu, ndiyo maana mchana simu ni nzima. Kikiloweshwa maji ya chumvi kinaziunganisha nyaya, na simu inakufa. Ningeweza kuandika hivyo kwenye fomu kwa mstari mmoja. Kuhusu pumzi, nilijiambia kwamba nitafikiri baadaye.

Bibie alinikaribisha ndani. Juu ya kabati, karibu na simu, niliziona telegramu tatu. Hazijafunguliwa. Alinimiminia chai, akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza namna ya kupika chakula cha nyumbani kwao. Kulikuwa na mganga aliyetoka bonde la Usangu, mama wa Kisukuma aliyeitwa Mbuke, aliyekuja Mbeya kila mwezi kuuza samli. Siku Kudra alipolazwa, Bibie alimwendea sokoni akalia mbele yake. Mbuke alimwambia kwamba mtoto hawezi kwenda mahali ambapo habari yake haijafika kwa mama. Amfunge. Bibie alifikiri usiku kucha, habari ya mtoto itakuja kwa njia gani? Akatazama juu ya ukuta. Akaziona nyaya, akazifunga kwa khanga na nywele za kitana cha Kudra.

“Siku ya kwanza daktari alisema hatafika asubuhi,” alisema. “Leo ni ya ishirini na mbili.”

Nilimwambia maneno ya mumewe. Basi la alfajiri. Amwone akiwa hai.

Alikuwa mwanamke mwembamba, macho yamezama, vidole vimechubuka kwa chumvi. Nilidhani analia, lakini hakuwa na machozi.

“Unadhani sitaki?” aliuliza. “Nikienda, nani atalowesha?”

Hilo ndilo jambo ambalo halikuwa chuoni. Mama huyu alikuwa anamshikilia mwanawe, na kwa sababu anamshikilia hakuweza kwenda kumwona. Maili mia mbili kati yao, na yeye amesimama juu ya meza, siku ishirini na mbili.

Kisha akanitazama kama mtu aliyeona mlango.

Aliniomba nikae mimi. Siku mbili tu. Aende, amshike mkono, amwoshe uso, arudi. Chumvi vidole vitatu kwenye bakuli. Maji ni ya uvuguvugu, nayapasha, alisema, mtoto asione baridi. Kabla jua halijazama mpaka usiku uingie sawasawa. Kisikauke. Hayo tu.

“Niahidi, mwanangu.”

Nikasema, “Nakuahidi, mama.”

Aliniwekea bakuli mikononi. Lilikuwa na joto. Akaingia chumbani kufunga nguo, na nilimsikia anafungua sanduku, anazungumza peke yake taratibu, gauni gani, khanga ipi, mafuta ya nywele ya Kudra yako wapi. Ilikuwa sauti ya mama anayejiandaa kwa safari ya furaha.

Nilitoka nje na bakuli.

Sitaki kujitetea. Nilikuwa na sababu, na nilipokuwa juu ya meza zilionekana sababu nzuri. Saa moja ilikuwa karibu. Alawi alikuwa anasubiri. Mke akisikia sauti ya mume atatulia, ataondoka asubuhi, na kitambaa ni kitambaa, na chumvi ni chumvi. Akirudi nitakuwa nimekifunga tena, hatajua. Nilibana simu ya kupimia ili nisikie laini ikifunguka. Nilitaka Marta awe wa kwanza kujua.

Pumzi ilikuwepo.

Ikaja. Ikaenda.

Nikatoa koleo.

Ikaja...

Nikakata.

Mafundo yaliachia yote kwa pamoja, kama vidole. Kitambaa kilianguka ndani ya bakuli. Na katika sikio langu, pale ambapo pumzi ilitakiwa kwenda, sauti ya msichana ilisema, bila haraka, kama mtu anayezungumza usingizini:

“Mama, shika.”

Halafu laini ikawa safi. Sijapata kusikia laini safi namna ile. Ilikuwa kama kisima.

Jioni ile yote Marta hakuwa amesikia kitu. Sasa nilimsikia anavuta hewa upande wa pili.

“Tadeo,” alinong’ona. “Nani huyo aliyesema ‘Mama’?”

Ndani ya nyumba simu ililia.

Chumbani kulinyamaza. Hakuna sanduku, hakuna nguo, hakuna neno. Simu ililia tena, na tena, na yeye hakutoka. Niliingia nikapokea, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kupokea.

Alikuwa Alawi. Aliniita kwa jina la mke wake. Nikasema ni fundi. Akasema kwamba alishuka ngazi za hospitali akiwa amemwacha mtoto anapumua vizuri, akasimama kwenye simu, akasikia laini inafunguka, akafurahi. Na nesi akaja nyuma yake akamshika bega. Mtoto amekwenda sasa hivi, Alawi alisema. Sasa hivi hivi. Simu ilikuwa ndiyo kwanza imefika upande wako.

Nilipogeuka, Bibie alikuwa mlangoni, amevaa khanga ya safari, chupa ya mafuta mkononi. Hakuuliza. Alipita karibu yangu, akatoka nje, akapanda juu ya meza. Alishika waya mmoja kwa mkono wa kulia na mwingine kwa mkono wa kushoto. Akazivuta zikutane. Akakaa hivyo. Majirani walipokuja walimkuta bado amezishika, na ilibidi watu watatu wamshushe.

Alawi alimleta Kudra usiku ule ule kwa lori la kukodi, na mchana wake tulimzika Mbeya. Mimi nilibeba jeneza kwa zamu, kama wengine. Watu walinishukuru kwa kutengeneza simu, wakasema kama si fundi huyu habari isingefika.

Wiki ya tatu nilimtafuta Mbuke sokoni. Nilimkuta nyuma ya vibuyu vya samli, mama mzima mwenye bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, anagombana na mnunuzi kwa utani. Nilimvuta pembeni nikamweleza. Alisikiliza, na utani wote ukamtoka usoni.

Alisema hakumwambia mtu yeyote afunge nyaya. Alimwambia Bibie afunge uzi kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, siku tatu, aombe Mungu wake, kisha akate, alale. Dawa hiyo ni ya kumtuliza mama. Haimshiki mtoto. Hakuna dawa ya kumshika mtoto, na kama ingekuwepo asingeitoa.

“Hiyo ya simu siijui,” alisema. “Hiyo aliifanya mwenyewe.”

Niliuliza, basi ni nani aliyezungumza?

Aliuliza kama nilimjibu binti. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye samli yake, na alipofika akageuka kunitazama kana kwamba nimesimama na mtu.

Siku ya arobaini Alawi alinialika kwenye hitima. Sikutaka kwenda, lakini asiyekwenda huulizwa kwa nini. Baada ya dua, wanaume wakiwa nje, Bibie aliniita ndani. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amenyooka, ametulia. Alinimiminia kahawa kwa mkono wake.

Alisema ana swali moja, na kwamba nisimfiche, kwa sababu mimi peke yangu nilikuwepo.

“Kile kitambaa,” alisema. “Ulikikata? Au kilikatika chenyewe?”

Nje mtu alicheka kidogo akanyamazishwa. Nilitazama kahawa. Niliufikiria mkono wa Alawi ulioshika mkono wangu mlangoni. Niliifikiria kazi yangu, na macho ya watu wote waliokuwa uani. Nilimfikiria na yeye, nasema kweli, nilidhani namwonea huruma. Nilidhani kwamba akijua kuna mkono wa mtu, hatapona kamwe. Nilidhani neno dogo litampumzisha.

“Kilikatika chenyewe, mama.”

Alitikisa kichwa. Alitikisa kwa muda mrefu, kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo na sasa amethibitishiwa. Akaviangalia vidole vyake.

“Basi ni mimi,” alisema. “Sikulikaza fundo.”

Nilifungua kinywa. Alikuwa ananitazama kwa upole, akinisubiri, na kulikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwepo. Naikumbuka ilivyokuwa ndefu.

Nikanywa kahawa yangu, nikamrudishia kikombe, naye akanishukuru.